Site ya Mama Mapendo: Mbegu Ipandwe, Isipikwe

Shwaa. Shwaa. Shwaa. Halafu kimya.

Hiyo ni randa ya Papa Bauma, na katika miaka yangu yote ya kazi hakuna sauti ninayoikumbuka vizuri kuishinda. Sekretaria yetu, nyumba ya kuchapishia barua na kupigia foto pale Masisi-centre, na kiwanda chake cha useremala vilikuwa vinatenganishwa na ukuta wa mbao tu. Kila asubuhi yeye alisukuma randa upande ule, mimi nikapiga klavye ya kompyuta upande huu, na tulizoeana sawa watu wanaotwanga kinu kimoja. Randa ikinyamaza, nilijua muntu ameingia kuagiza kitu. Na nilijua swali litakalofuata, juu lilikuwa lile lile kila siku, na lilipita kwenye nafasi za mbao sawa redio.

"Nani ataikalia?"

"Ni kiti tu, Papa Bauma."

"Kiti-tu sitengenezake. Kuko kiti cha mama mwenye kunyonyesha, kuko kiti cha muzee wa mugongo, kuko kiti cha ofisi cha kungojeshea watu mpaka wachoke warudi kwao. Yako njo gani?"

Wadogo zangu, nyinyi wawili munaokaa leo kwenye meza yangu, na wengine wote munaojifunza kutengenezea watu site za internet, haya ninayaandika kwa ajili yenu. Najua mutacheka. Muntu hajafikisha hata miaka makumi tatu, anaandika sawa muzee wa pansio. Lakini kazi nimeiacha kweli. Macho yangu yalianza kulia yenyewe mbele ya ordinateri, na muganga akasema: binti, chagua, macho ao mashini. Sasa ninakaanga mandazi kwenye njia ya Lushebere, na nikingoja mafuta ichemke ninawaza tanuri ya matofali nitakayojenga siku moja, yenye mulango wa chuma, na harufu ya mukate ifike mpaka kanisani. Kuota ndoto hakuumize macho.

Shule sikuisoma mingi. Nilifika mwaka wa ine wa sekondari, halafu tukahama, halafu tukarudi, na darasa lilikuwa limekwenda bila mimi. Kwa hiyo musitafute hapa maneno ya wakubwa. Nitawaambia nilivyokosea, basi. Hiyo naijua kwa moyo.

Papa Bauma naye hakuzaliwa na swali lake. Alinisimulia siku moja ya mvua, tukila mahindi ya kuchoma kwa sababu hakuna muteja angekuja na ile mvua. Zamani muntu mumoja alimuagiza kitanda cha arusi, kikubwa kuliko vyote vilivyokuwa Masisi. Papa Bauma akafurahi. Akatafuta mbao za musave, akachonga maua upande wa kichwa, akakimalizia ndani ya kiwanda. Siku ya kukitoa, kitanda kikakataa mulango. Wakakigeuza, wakakisimamisha, wakakilaza ubavu. Bibi arusi anangoja. Mwisho akashika musumeno, akakata ukuta wa upande wetu, na kitanda kikapita ndani ya sekretaria, katikati ya watu waliokuja kupigwa foto za karte za kitambulisho, na mwenye nyumba nyuma yake akimutukana kwa Kihunde na kwa Kifaransa. Njo maana ule ukuta uko na mbao za rangi mbili mpaka leo.

"Tangu pale," akaniambia, "ninauliza nani ataitumia, na itapita mulango gani. Ufundi unaishia pale. Yenye kufuata ni misumari tu."

Nilicheka mpaka mahindi ikaniingia puani. Sikujua kama ananisema mimi.

Zamani zile site haikutengenezwa sawa munavyoitengeneza leo, kwa kusukuma picha na kidole. Patron wangu alitoka nayo Goma ndani ya kaye ya shule, imeandikwa kwa mukono, alama kwa alama, na mimi nikawa nainakili kwenye ordinateri sawa mutoto anayejifunza katekisimu. Ukisahau kamustari kamoja, ukurasa muzima unakuwa mweupe sawa maziwa. Nilikuwa naomba Mungu mbele ya kubonyeza. Na ikifunguka, yenye rangi, yenye jina la muntu juu, nilikuwa naita Papa Bauma aje kuangalia. Anakuja na vumbi ya mbao ku nyusi, anaangalia, anasema, "Iko muzuri. Ni ya nini?" Halafu anarudi kwa randa yake. Nilikuwa nakasirika kidogo.

Sasa ngoja niwaambie habari za Mama Mapendo.

Alikuja mwezi wa saba, kwenye siku ya soko, kutoka Kibabi. Mama wa miaka makumi ine hivi, mujane, buti za mpira zenye udongo mpaka magotini. Akaketi, akafungua ncha ya kitenge chake, akaniwekea juu ya meza konzi moja ya maharagi. Nyekundu yenye madoa meupe, nzito, yote ya kipimo kimoja. Ile ya kupanda miti, kujizungusha mpaka juu, yenye kuvunwa muntu akiwa amesimama.

"Dada," akasema, "munitengenezee site ya muzuri."

Nikampa chai.

Hapa njo kosa langu linaanzia, na ni kosa la kwetu kabisa, sijui kama watu wa fasi zingine wangelifanya. Kwetu mugeni haulizwi amekuja kufanya nini. Anapewa kiti, anapewa kitu cha kinywa, anaulizwa habari za watoto, za mbuzi, za njia. Jambo lililomuleta atalitoa mwenyewe kwa saa yake, na mara mingi analitolea mulangoni, akiwa ameshaaga. Kumuuliza mama mukubwa "unataka nini?" ni sawa kumuonyesha njia ya kurudi. Basi sikumuuliza. Tuliongea nusu ya siku. Alinisimulia bwana wake marehemu, korale anamoimba, kilima chao, babu aliyefyeka kile kilima. Nilipenda sana habari zake. Alipoaga, mulangoni, akasema neno moja ambalo nililisikia na sikulishika:

"Shemeki yangu amesema kama maharagi hii haitoke mbele ya mvua, shamba atalichukua, apande muhogo."

Shemeki ni ndugu ya marehemu bwana wake, Bahati jina lake. Yeye na watu wengine wa Kibabi walimuambia Mama Mapendo auze mavuno yake sokoni, yapikwe, sawa kila muntu. Yeye akakataa. Aliona watu wanarudi mashambani bila mbegu, juu wakati wa kukimbia vita mbegu njo inaliwa ya kwanza. Akachagua maharagi yake mbegu kwa mbegu, akatenga gunia sita, akasema mwaka huu sipiki, ninauza mbegu. Mvua ya mwezi wa tisa ikishashika, hakuna anayetafuta mbegu tena. Mbegu iliyobaki inakuwa chakula tu, na mwenyewe anakuwa mupumbavu mbele ya ukoo.

Hayo yote niliyajua. Nikaenda kumutengenezea site ya kukaribisha wageni.

Nisikilizeni vile ilivyokuwa. Ukiifungua, kwanza salamu. "Tunawasalimu nyote kwa jina la Bwana, mumeamkaje, watoto wako wazima? Sisi huku Kibabi hatujambo, baridi tu." Mistari kumi na mbili ya salamu. Halafu foto kubwa ya korale, mama makumi mbili na tatu ndani ya kitenge kimoja. Halafu foto ya marehemu, na maneno ya kumukumbuka. Halafu babu na kilima. Halafu kilima chenyewe, asubuhi, na ukungu. Halafu maharagi. Halafu, chini kabisa, sawa vile muntu anatoa jambo lake mulangoni, numero ya simu.

Watu walisifu. Kila mwenye simu kule Kibabi aliifungua ajitafute ndani ya korale. Mama mumoja alilia kwa kumuona marehemu. Patron akasema nimekuwa fundi. Mimi nikatembea Masisi-centre nzima nikiwaza siku nitakuwa na ofisi yenye vioo.

Simu ya Mama Mapendo haikulia hata mara moja. Kila siku ya soko alipita kwetu, anaweka simu juu ya meza, anasema, "Dada, angalia kama iko muzima." Nampigia na simu ya kazi, inalia. "Iko muzima, Mama." Anairudisha ndani ya kitenge. Hakunilaumu. Hiyo njo iliniumiza.

Mwezi wa nane, katikati, akaingia muntu mumoja mufupi, mwenye kofia ya sufu, amekuja kuchapisha barua. Alikuwa mwalimu wa shule ya musingi kule Ntoto, upande wa Walikale, na yeye njo mwandishi wa chama cha walimaji wa kule. Tumuite Mwalimu tu. Aliona konzi ile ya maharagi, juu nilikuwa nimeiacha ndani ya kikombe pembeni ya ordinateri.

"Hii maharagi," akasema, "niliiona."

"Wapi?"

"Kwa simu. Si ni ile ya Mama wa Kibabi? Ao haikuwa maharagi. Ilikuwa korale."

Nikamuambia ni ile. Akavua kofia.

"Dada, sisi kule rezo ya simu tunaipandia kilima. Saa nzima ya kupanda. Tulichanga mega za internet, walimaji makumi tatu, nikatumwa mimi nitafute mbegu. Nimefika juu, nimefungua. Ikaanza kutusalimia. Nikajibu moyoni, ndiyo, watoto wako wazima. Ikasalimia tena. Halafu foto ikaanza kushuka, polepole, vichwa kwanza, halafu shingo. Walipofika kwenye mabega, mega ikaisha."

"Pole, Mwalimu."

"Hapana, mulitusalimia vizuri. Hakuna muntu ametusalimia hivi tangu arusi ya chef wetu wa kijiji. Lakini nilishuka kwa wenzangu mikono mitupu, na muntu mumoja akaniuliza kama nilikula mega nikiangalia wanawake."

Upande wa pili randa ilikuwa imenyamaza. Nikasikia Papa Bauma anacheka kwa kujizuia, halafu sauti yake kwenye mbao:

"Kitanda kimekataa mulango."

Uso wangu ulikuwa wa moto. Nilimuuliza Mwalimu angetaka kuona nini kama mega zisingeisha. Akafikiri. Akasema: kama mbegu iko ao haiko. Na kama itazaa kwao, juu Kibabi ni baridi na Ntoto ni joto, na walimaji wake wanaogopa kupanda kitu cha baridi. Na atamupigia nani. "Nyingine," akasema, "tungeuliza tukifika."

Jumapili ile, kisha ibada, nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Kibabi.

Nilimukuta Mama Mapendo kwenye uwanja wake, na mama wawili kutoka Lushebere wanamusaidia kuchambua, kila mumoja na lungo lake. Wale wawili hawakuchambua bure: aliwaahidia mbegu ya kupanda kwenye kishamba walichopewa. Akaniwekea sahani ya sombe, majani ya muhogo, na bugali. Nikaangalia ile sahani, nikajua kama nikila, haya itanishika na nitarudi Masisi sijasema.

"Mama, mbele nikule, niko na swali."

"Kula kwanza."

"Nikishakula nitashindwa."

Wale mama wawili wakaacha lungo.

"Ile site, unataka ikufanyie nini?"

"Si ulishaitengeneza?"

"Niliitengeneza bila kukuuliza. Nisamehe. Unataka ifanye nini?"

"Watu wanijue."

"Wakishakujua, halafu?"

"Waseme, Mama Mapendo iko na mbegu."

"Watu gani? Hawa wa Kibabi?"

"Wa Kibabi wako na yao. Watu."

"Wakishasema uko na mbegu, halafu?"

"Mutoto huyu," akawaambia wenzake, "ametumwa na polisi."

Wakacheka, na mimi pia, lakini sikuondoa macho kwake. Saa ile ile shemeki Bahati akapita njiani na panga yake, akasimama kwenye ua.

"Mama Mapendo, maharagi yako haijaota ndevu? Mawingu iko Walikale tayari. Uniambie siku utapika, nitaleta chumvi."

"Pita, shemeki."

"Ninapita. Ninapita kupima shamba."

Alipokwenda, Mama Mapendo alibaki amesimama, lungo mikononi. Aliongea polepole, na sauti yake haikuwa ya kucheka tena.

"Unataka kujua ninataka nini. Nataka hii ipandwe, isipikwe. Gunia zote sita, mbele ya mvua kushika. Nikibaki na moja ndani ya nyumba, ule atalima muhogo juu ya jasho ya bwana wangu. Njo hiyo. Sasa kula, sombe inapoa."

Kaye nilikuwa nimeisahau. Niliandika kwenye mukono, kwa biki: ipandwe, isipikwe, mbele ya mvua. Halafu nikakula, na sombe ile sijapata nyingine tamu sawa ile.

Wadogo zangu, hapo njo kazi yote ilipo. Muteja akisema "site ya muzuri", hajasema kitu bado. Akisema "wanijue", ameanza kukohoa tu. Mungoje, muulize "halafu?" mpaka akasirike kidogo, juu jambo la kweli linakaaka chini ya hasira. Utalitambua. Ni fupi, liko na siku ya mwisho ndani yake, na mwenyewe akishalisema anakuambia ukule.

Kisha kulijua, mengine ilijipanga yenyewe, kwenye sahani ile ile. Nani anapanda na hana mbegu? Watu wa mbali, vyama vyao, waliorudi. Kati ya hao, nani ako na simu ya kufungua site? Mumoja kwa makumi tatu, Mwalimu, juu ya kilima, na mega za watu. Basi ukurasa ni wa huyo mumoja, na mulango wake ni muwembamba hivyo. Anaogopa nini? Joto.

"Mama," nikasema, "wa Ntoto wanaogopa haitazaa kwao."

"Haitazaa namna gani? Dada yangu aliolewa kule. Nilimupa kikombe musimu uliopita, ikazaa mpaka miti ikalala."

"Ulimuambia nani hiyo?"

"Kila muntu anaijua."

"Kila muntu wa wapi?"

Akafikiri. "Wa Kibabi," akasema, na akajipiga kofi kwenye paja.

Ukurasa mupya niliumaliza siku mbili. Salamu nilibakisha mustari moja, juu sisi si wanyama. Chini yake: "Mbegu ya maharagi ya kupanda miti iko. Imezaa Kibabi kwa baridi, imezaa Ntoto kwa joto, kwa dada wa Mama Mapendo. Gunia sita, mpaka mvua ishike. Piga simu asubuhi mbele ya saa mbili, kisha hapo Mama ako shambani." Na numero, kubwa. Foto ilikuwa moja, ndogo, nyepesi: mukono wa Mama wenye konzi ya mbegu, pembeni yake sanduku la kiberiti, kusudi muntu apime ukubwa kwa macho. Hiyo ya kiberiti chukueni, ni ya bure. Korale nikaitoa yote. Mama mwenye kuongoza korale alikaa wiki mbili hanisalimie, na alikuwa na haki.

Nilimupa Mama Mapendo vikombe viwili pia. Kila mwenye kupiga simu kwa sababu ya ukurasa, weka haragi moja ndani ya kikombe cha kwanza. Kila mwenye kuchukua mbegu, moja ndani ya cha pili. Kikombe cha kwanza kikibaki kitupu, ukurasa ni mubaya, kosa ni langu. Kikijaa na cha pili ni kitupu, watu wanafika na hawaridhiki, tutatafuta kwa nini. Leo munayo mashini za kuhesabu wageni wa site mpaka wanaokohoa, lakini sijaona yenye kushinda vile vikombe. Mama Mapendo aliviweka dirishani, na Kibabi nzima ilikuwa inapita kuchungulia.

Niwakatie hapa kidogo. Lile swali liko na miba. Dada mumoja wa kusuka nywele, kibanda chake mukabala na sisi, alitaka site naye. Nikamuuliza nani ataifungua. Akasema wateja wake. Wateja wake wanakaa wapi? Akanionyesha kwa kidole: ule, na ule, na wale pale kwenye bomba. Nikamuambia, "Dada, nunua rangi, andika jina kwenye mulango, hawa wote watasoma." Patron alisikia, akaninunia mpaka Ijumaa. "Unafukuza kazi," akasema. Yule dada alipaka mulango rangi ya manjano, na mimi alinisuka bure kwa Noeli. Musiogope kumuambia muntu kama hana lazima ya kazi yenu. Kwetu habari inatembea, na muntu uliyemuambia ukweli anakuletea wengine.

Haragi ya kwanza iliingia kikombe siku ya tatu. Mama Mapendo akanipigia, ninasikia anapumua sawa muntu amekimbia.

"Dada, muntu wa Masisi. Ako na arusi. Anataka gunia mbili, leo leo."

"Za kupanda?"

"Za kupika."

Gunia mbili kati ya sita, wadogo zangu, na mawingu juu. Mimi nilikuwa tayari kusema uza. Mudomo wangu ulikuwa umefunguka.

"Nilishamukatalia," akasema. "Nimemuambia hii si ya sufuria, aje mwaka ujao nitamupikia mwenyewe. Nilikosea?"

"Hapana, Mama."

"Sasa haragi yake niweke kikombe gani?"

Tukacheka wote wawili, ya kuogopa.

Siku mbili kisha hapo, Mwalimu, niliyemuahidi ukurasa mupya, alipanda kilima chake, akafungua, na ukurasa ukashuka wote mega zingali. Aliniambia baadaye kwamba alikaa pale juu anausoma mara ya pili kwa raha tu. Walituma muntu kwa yule dada aliyeolewa Ntoto, akawaonyesha mabua na maganda yenyewe. Wakaja watu sita kwa miguu, na Mwalimu na kofia yake, wakabeba gunia tatu, wamegawa ndani ya vitunga vya mugongo. Kibabi yote ilisimama njiani. Shemeki Bahati alisimama pia, anahesabu vitunga.

Wengine wakaja polepole. Chama kimoja kidogo cha upande wa Walikale, gunia moja. Watu wa huku na huku, debe, nusu debe. Mvua ya kwanza ikaanguka siku ya Jumanne, na gunia moja ilikuwa ingali ndani ya nyumba. Usingizi ulinikimbia kwa kuiwaza ile gunia moja. Lakini mvua ya kwanza haijashika bado, inaonja tu udongo, na wale mama wawili wa Lushebere walichukua fungu lao, wakapeleka habari kwa wenzao, na kila asubuhi wanawake walikuwa wanapanda kilima mpaka Kibabi na vikapu vitupu.

Wa mwisho alikuwa shemeki Bahati. Alikuja na ndoo.

"Mama Mapendo," akasema, "inaonekana hii mbegu inazaa."

"Njo wanavyosema."

"Nipimie basi, ya kupanda kwenye ile ngazi ya chini ya shamba langu."

"Piga simu kwanza, shemeki. Mbele ya saa mbili. Sawa wengine."

Na alipiga, wadogo zangu. Akiwa amesimama palepale uwanjani, ndoo mukononi, alipiga, na simu ikalia ndani ya kitenge cha Mama Mapendo, na yeye akapokea: "Alo, nani mwenzangu?" Wale wa Lushebere wananisimulia mpaka leo wakinunua mandazi. Alimupimia. Haragi yake akaiweka ndani ya kikombe cha pili mbele ya macho yake. Juu ya kuchukua shamba hakuna muntu aliongea tena.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tisa ya muchana, Mama Mapendo alinipigia. "Imeisha, Dada. Nimebaki na ya kupanda mwenyewe." Halafu rezo ikatukata.

Nilikuwa peke yangu. Patron alikuwa amekwenda Goma kutafuta wino, Papa Bauma alikuwa kwenye matanga, kiwanda kimefungwa. Nje mvua ilikuwa imeshika kweli sasa. Nilifungua ukurasa nikauangalia kwa furaha, "Mbegu iko," na furaha ikaniganda. Nikawaza muntu mwingine, simujui, kule ngambo ya Ntoto, amepanda kilima na mega za watu. Anasoma: iko. Anashuka, anavaa buti, anafunga kitunga mugongoni, siku mbili za miguu ndani ya mvua hii.

Hakuna aliyenituma. Patron angesema site inayorudisha watu imekufa. Nikaketi, nikatafuta mustari ule ndani ya alama zote zile, nikafuta neno moja na mengine nikaandika: "Mbegu ya musimu huu imeisha. Ndugu, usitembee bure." Nikasoma mara mbili kama sijasahau kamustari. Nikabonyeza, na nikakaa mukono kwenye kishavu, nangoja rezo iipeleke.